Haragwe la Siku Saba na Mbau wa Epulu

Somo la kwanza la mimea katika shule nyingi za msingi, Bunia hata Mombasa, linajulikana: haragwe, pamba iliyoloweshwa, kopo dirishani. Baada ya siku chache ganda limepasuka, mzizi umeshuka, jani limechomoza, na mtoto amekwisha kusadiki kwamba kukua ni kazi ya wiki moja. Sina ugomvi na haragwe. Mtoto wa miaka sita anahitaji jambo analoweza kuliona kabla hajalisahau. Lakini somo likiishia kwenye kopo, mtoto wa Epulu anafundishwa kanuni inayokanushwa na pori linaloanza nyuma ya nyumba yao.

Epulu iko kando ya Barabara ya Taifa Namba 4, katika eneo la Mambasa, mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ndiyo makao ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliyoundwa mwaka 1992 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1996. Sehemu kubwa ya pori hilo imetawaliwa na mti mmoja: mbau (si mbao, ingawa mkata mbao haoni tofauti), ambao wataalamu wa mimea huuita Gilbertiodendron dewevrei. Mbegu yake ni nzito, haipeperuki. Huanguka karibu na mama yake na kuota kivulini. Na hapo mche unakaa. Unaweza kukaa miaka mingi ukiwa na majani machache na urefu ule ule, ukingoja mti mkubwa uanguke na mwanga upenye. Kwa macho yaliyozoea haragwe, mche huo umekufa au ni mgonjwa. Kumbe uvumilivu huo ndio ulioupa mbau ufalme wake.

Mwaka 1926 mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza jinsi watoto wadogo wanavyohusisha uhai na mwendo: jua li hai, baiskeli i hai, na mti husubiri zamu yake. Sidhani kwamba mtoto wa Kibambuti wa pori hili, anayejua ni mti gani unaochanua nyuki wakaja, angejibu sawa na mtoto wa Geneva. Hata hivyo sarufi ya Kiswahili sanifu yenyewe haimsaidii mwalimu. Mnyama, awe panya au tembo, hupewa upatanisho wa watu. Mti umewekwa pamoja na mkeka na mkuki. Lakini lugha hiyo hiyo inasema mti mchanga, mti umezeeka, mti umekufa, na hakuna anayesema mkuki umekufa. Mwalimu mwerevu angeanzia hapo, kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya Kongo ya 2006 inakihesabu miongoni mwa lugha nne za taifa, kabla Kifaransa hakijaligeuza somo kuwa msamiati wa kukariri.

Kuna wanaosema kwamba watoto wa pori hawana haja ya kufundishwa miti. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Majina, matunda, asali, majani ya mangongo ya kuezekea: hayo mzee wa kambi anayajua kuliko mwalimu, na shule inayomwacha nje inajipunja yenyewe. Nusu ya pili si kweli. Muulize mtoto yeyote mti unakula nini; atajibu, udongo. Mwanakemia Jan Baptista van Helmont alilipima jibu hilo: alipanda mche wa ratili 5 ndani ya chungu, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Maandishi yake, yaliyochapishwa mwaka 1648 yeye akiwa amekwisha kufa, yanasema mti ulifikia ratili 169 na udongo ulipungua wakia 2 tu. Akahitimisha kwamba mti ni maji. Alikosea, maana sehemu kubwa ya gogo kavu imetoka hewani. Lakini alikosea baada ya kupima, na makosa ya namna hiyo ndiyo ningependa watoto wayafanye.

Epulu ina mizani yake tayari. Tangu katikati ya miaka ya 1990 watafiti wamepima, katika hekta 40 zilizogawanyika kati ya Edoro na Lenda ndani ya hifadhi, kila shina lenye kipenyo cha sentimeta 1 au zaidi, kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kila shina lina namba, na baada ya miaka kadhaa hupimwa upya. Wakati wa vita vya Kongo, Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea aliyebaki Epulu, alizificha kumbukumbu za utafiti na sampuli za mimea zisiporwe. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mtu hahatarishi roho kwa ajili ya namba zisizosema kitu.

Darasa halihitaji hekta 40. Linahitaji kibati chenye namba, kamba na daftari linalobaki shuleni mwalimu anapohamishwa. Wala si lazima kuingia mbali, kwa kuwa usalama wa Ituri hauruhusu safari za watoto kila mwaka. Kwenye shamba lililoachwa huota mti wa Musanga, wenye majani kama mwavuli: hupanda mita kadhaa kwa mwaka, na baada ya miaka ishirini hivi umekwisha. Huo ndio haragwe la pori. Upimwe pamoja na mche wa mbau ulio pembeni, chini ya kivuli, na watoto wale wale, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa sita. Mstari mmoja wa daftari utajaa namba zinazopanda. Mwingine huenda ukarudia namba ile ile mara sita, na mwalimu asiufute.