Gundi ya kioo cha mbele ikigoma kukauka, chanzo kiko hapa

Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo inapitisha malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi usiku na mchana, na tairi za lori haziachi kokoto zilale. Mwenye Probox anayetoka Lukole kwenda Ngara mjini anapishana na semitrela, anasikia "ta!", halafu anaona kidoti kwenye kioo chenye miguu kama ya buibui.

Kununua kioo kipya ni gharama, na mara nyingi lazima kiagizwe kutoka mbali. Kidoti kidogo kinaweza kuzibwa kwa rezini, gundi ya maji maji inayosukumwa ndani ya ufa kisha ikakaushwa kwa taa ya mionzi ya UV. Kazi yenyewe haizidi saa moja. Shida inakuja pale gundi inapogoma kukauka, au inapokauka vibaya, na ikishakauka vibaya haitoki tena.

Kwanza kujua kioo chenyewe. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja, katikati kuna karatasi ya plastiki. Ndiyo maana kikipigwa hakimwagiki kama cha mlangoni. Plastiki hiyo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya UV, hivyo fundi anayemulika taa akiwa ndani ya gari anapoteza muda wake. Taa inakaa nje, karibu kabisa na kidoti.

Taa au gundi?

Gundi ikibaki laini baada ya muda ulioandikwa kwenye chupa, fundi asianze kubahatisha juu ya gari la mteja. Achukue kipande cha kioo kibovu, adondoshe tone, alifunike kwa kijikaratasi cha nailoni angavu, kisha alimulike kwa taa yake. Tone lingine aliweke juani saa sita mchana. La juani likiwa gumu na la taa bado bichi, taa imechoka. Yote mawili yakibaki mabichi, gundi imekufa, inunuliwe nyingine.

Taa inadanganya wengi. Mionzi ya UV haionekani kwa macho; ule mwanga wa bluu au zambarau unaoonekana ni mabaki tu. Taa za tyubu huendelea kuwaka vizuri kwa macho huku nguvu yake ikiwa imekwisha. Betri ikishuka, au jenereta ikitoa umeme mdogo, matokeo ni hayo hayo. Rezini nyingi za vioo zinataka mionzi ya nanomita 365 hivi. Taa ya kukagulia noti bandia inaweza kutoa mionzi ya namna hiyo, lakini ni dhaifu: juu panakauka, chini pabichi. Tochi ya simu haina kitu kabisa.

Gundi nayo ina adui zake. Ikihamishiwa kwenye chupa nyeupe na kuwekwa dirishani, inaanza kuganda taratibu yenyewe. Ikiachwa ndani ya gari lililoanikwa juani, joto linaiharibu. Chupa nyeusi, kabatini, mbali na jiko, na tarehe ya mwisho iangaliwe. Gundi iliyogeuka njano au kuwa nzito kama asali haifai tena.

Juu pananata

Hili ndilo lalamiko la kawaida, na mara nyingi wala siyo kosa la taa. Hewa inazuia tabaka la juu la rezini lisikauke. Dawa yake ni tone la gundi nzito ya kujazia shimo, kisha kijinailoni juu yake kilaliwe bila povu, ndipo taa iwashwe. Baada ya hapo wembe mpya unashikwa wima na kukwangua kidogo kidogo. Wembe ukitoa vumbi jeupe, imekauka. Ukivuta uzi kama bazoka, irudishwe kwenye taa.

Weupe kama maziwa ndani ya ufa ni habari nyingine. Hapo kuna maji. Msimu wa mvua gari linafika kwa fundi ufa umeshakunywa, na gundi haishiki mahali penye unyevu. Fundi akaushe kioo taratibu kwa moto mdogo wa mashine ya kukaushia nywele kutoka ndani ya gari, aache kipoe, ndipo aanze. Dereva anayetaka kumsaidia fundi abandike selotepu juu ya kidoti mara tu kinapopigwa, asikioshe. Na supa gluu aisahau: ikishaingia kwenye ufa, rezini haina njia ya kupita.

Baridi ya asubuhi ya milima ya Ngara nayo inafanya gundi iwe nzito, isifike kwenye ncha za miguu ya buibui. Jua kali linafanya kinyume chake: rezini inaganda mdomoni kabla haijajaza, na hewa inabaki ndani. Kwa hiyo kazi ifanyike chini ya turubai au mwembe, kioo kikiwa vuguvugu kwa kiganja. Kioo cha moto kisimwagiwe maji baridi kamwe, maana ufa wa sentimita moja unaweza kukimbia mpaka ukingoni huku mteja anaangalia.

Kuna kazi za kukataa. Ufa uliofika ukingoni, kioo cha ndani kilichoguswa, au kidoti kilicho mbele ya macho ya dereva. Hata gundi ikikauka vizuri kiasi gani, inaacha kivuli kidogo, na usiku taa za lori zinapokuja usoni kivuli hicho kinatawanya mwanga. Fundi akiziba hapo kwa sababu mteja ameomba, anampeleka barabarani na kioo kinachomficha mtembea kwa miguu.

Wakati taa inawaka, fundi avae miwani ya kuzuia UV na asiitazame moja kwa moja. Gundi ikigusa ngozi ioshwe kwa sabuni na maji kabla hajatoka juani.