Yakusu: Kanisa na Sindano

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nikisimulia kanisa la Kibaptisti la Yakusu naanza na ugonjwa wa malale. Wamisionari Waingereza walipiga kambi hapo mwishoni mwa karne ya 19, kati ya wavuvi Walokele wa mto Kongo, chini kidogo ya Kisangani. Daktari Clement Chesterman alifika mwaka 1920, akakuta malale yanateketeza vijiji. Hakungoja wagonjwa waje hospitalini. Alifundisha vijana Wakongo uuguzi na kudunga sindano, kisha wakasimamia zahanati za vijijini. Hao ndio ninaowavulia kofia. Vitabu vimewataja kwa uchache mno. Baadaye John Carrington, mmisionari mwalimu, alijifunza lugha ya ngoma za Walokele, akaiandikia kitabu mwaka 1949.