Vitimbi katika Kisii na Nyamira

Vitimbi ni kipindi cha vichekesho vya kifamilia kilichorushwa kwa miaka mingi na runinga ya taifa ya Kenya. Wahusika wake wakuu ni Mzee Ojwang' Hatari na mkewe, Mama Kayai. Makala hii inahusu hasa namna kilivyopokelewa na Abagusii wa kaunti za Kisii na Nyamira, na namna kinavyotazamwa upya.

Asili

Runinga ilianza Kenya 1962. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji, Kenya Broadcasting Corporation (KBC), na kuliita Sauti ya Kenya (VoK). Jina la KBC lilirudi 1989. Vichekesho vya sebuleni kama Vitimbi, vyenye baba mbishi na mke asiyenyamazishwa, vilikuwa vimekomaa Uingereza kwa vipindi kama Till Death Us Do Part (1965–1975) na Bless This House (1971–1976). Wakenya wengi, hata hivyo, wakiulizwa kichekesho cha Kiingereza watataja Mind Your Language, ambacho ni cha darasani.

Waigizaji

Ojwang' aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyejivika uzee wa Kijaluo kwa mvi za bandia, miwani mizito na lafudhi iliyowadanganya watazamaji wengi. Alifariki Julai 2015. Mama Kayai ni Mary Khavere.

Utazamaji Gusii

Kabla ya nyaya za umeme kufika vijijini, runinga ya Gusii ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe na iliendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilibebwa hadi sokoni, Keroka, Ikonge au Suneka, ikachajiwa na kurudishwa nyumbani kwa uangalifu kama wa mtungi wa maji. Mwenye busara hakuwasha runinga mapema: betri ilipokaribia kuisha, picha ilianza kujikunja pembeni, ikasinyaa, ikazimika Ojwang' akiwa katikati ya neno. Antena ilifungwa juu ya mlingoti wa mkaratusi, na kwa kuwa nchi yenyewe ni vilima na mabonde, boma la mgongoni lilipata picha safi huku la bondeni likiambulia chenga. Mtoto alitumwa nje kuuzungusha mlingoti, wa ndani wakipaza sauti kumwambia picha imefika au imepotea.

Seti ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyonunuliwa kwa bonasi ya majani chai, hasa upande wa Nyamira, kwenye viwanda kama Sanganyi na Tombe. Aliyekuwa nayo alipata wageni bila kualika. Watoto wa majirani waliketi sakafuni, na katika baadhi ya maboma masharti yalikuwa kunawa miguu kwanza.

Kipindi kiliwafunza wengi Kiswahili cha mazungumzo wakati ambapo mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa umelifanya somo hilo la lazima. Ni kweli kwamba sarufi ya Mzee Ojwang' isingempendeza mwalimu yeyote.

Lafudhi

Mind Your Language kilisimamishwa 1979 kwa lawama za kuwakejeli wageni. Nchini Kenya utani wa lafudhi haukupata msukosuko wa aina hiyo, na Gusii ulikuwa na ladha ya pekee: lafudhi ya Ojwang' ilikuwa ya jirani wa mteremko wa chini, ile inayosikika Oyugis na Sondu siku ya soko, panapouzwa ndizi za Kisii na samaki wa ziwani. Mcheshi akitaka kumwigiza Omogusii mwenyewe, humpa r mahali pa l, kwa kuwa Ekegusii hakina sauti hiyo ya pili. Kicheko sebuleni hapo hupungua kidogo.

Kutazamwa upya

Sehemu za vipindi vya zamani zinapatikana YouTube. Anayezirudia leo hukuta kamera isiyosogea sana, mazungumzo marefu na utani wa ndoa uliochakaa. Uigizaji wa Wanjau, hasa ukimya wake kabla ya kujibu, haujachakaa hata kidogo. Vijana wa Kisii na Nyamira wanamjua zaidi Papa Shirandula wa runinga ya Citizen, aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi kifo chake Julai 2020. Wachekeshaji wapya wa eneo hilo hurekodi kwa simu, mara nyingi kwa Ekegusii.