Jambo Linaloning'inia Katika Mizani

Waingereza wana msemo wao: husema jambo fulani linaning'inia katika mizani. Maana yake, vitanga viwili bado vinapanda na kushuka, wala haijulikani ni kipi kitakachozama. Husemwa juu ya jambo zito ambalo mwisho wake haujaonekana, kama mgonjwa mahututi au kesi isiyokatwa. Haufai kwa jambo dogo, wala kwa jambo lililokwisha kujulikana.

Ziwa letu Tanganyika nalo liliwahi kuning'inia hivyo. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita kwa mitumbwi penye Ubwari, ambayo Burton aliidhani kisiwa, wakafika Uvira. Walitaka kujua: mto Ruzizi waingia ziwani, au watoka humo kuelekea Nili? Wana watatu wa Sultani Maruta wakawajibu kwamba waingia, na watu waliosimama pale wakasema vivyo hivyo. Wapiga makasia wakaogopa kusonga mbele, basi wageni hawakufika penye mto wenyewe. Lakini mwaka wa 1864 Burton aliliacha jibu la Uvira, akaandika kwamba Ruzizi watoka ziwani. Huko London mizani ikazidi kuyumba.

Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao: Ruzizi waingia. Tena mwaka wa 1874 Cameron aliukuta mto Lukuga, upande wa magharibi, ambao hupeleka maji ya ziwa Lualaba, na hatimaye mto Kongo.

Basi na tupime. Kwa miaka 13 jambo hilo liliyumba Ulaya. Uvira halikuyumba, maana wenyeji waliujua mto wao. Kutaka kuona si kosa. Lakini Mtume Tomaso alikuwa na wenzake kumi waliomwambia, asikubali.

Nasi tusimcheke Burton upesi. Katika mabaraza yetu ya Fizi na Baraka, mara ngapi twasema juu ya mpaka wa shamba, "Haijulikani bado," na mjane aliyelilima miaka yote ameketi pale pale, hajaulizwa? Hapo mizani haining'inii. Imekwisha kutulia, ila sisi hatutaki kuitazama. Kabla ya kusema kwamba jambo lina mashaka, tumwulize kwanza anayelijua, hata akiwa mnyonge.