Kampala ilianguka, ulinzi ukaanza Kahama
Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na vitabu vingi vya vita vya Kagera vinaishia karibu na hapo. Usukumani na Unyamwezini mambo ndo yalikuwa yanaanza. Bunduki zilizagaa, uchumi ulikuwa mbaya, wizi wa ng'ombe na ujambazi vikazidi. Kufikia 1982 wanavijiji wa Kahama walishaunda sungusungu: upinde, mishale, filimbi, na mkuu aitwaye ntemi. Polisi waliwatilia shaka, Nyerere akawatetea. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yakawapa uwezo wa kukamata, ingawa baadhi yao walishatesa na hata kuua washukiwa. Kwa hiyo, tukitafiti askari wa miguu, tusiishie kambini. Kijiji nacho kiliunda kikosi, na waliopigwa nacho wanastahili kuulizwa pia.