Januari 28: Majanga Sita Yaliyotokea Tarehe Moja, na Vile Kila Moja Lilianza

Januari 28 hufika wakati wasee wengi bado wanasukuma Njaanuari. Mshahara haujaingia, karo imeramba doo yote, na hakuna mtu ana haja na kalenda. Lakini ukirudi nyuma kidogo kwa historia, hii tarehe imebeba misiba mob. Paa mbili zimeanguka, meli moja imezama, chombo cha anga kimepasuka, ndege imegonga mlima, na supa moja ya Nairobi imeungua saa tisa mchana katikati ya tao.

Tumezipanga kutoka ya zamani zaidi hadi ile ya nyumbani. Soma zote kwanza, halafu huko chini tuongee kama kweli hii siku iko na mkosi.

1. 1922: Paa la sinema laanguka Washington, Marekani

Theluji ilianza kumwagika Ijumaa na ikaendelea hadi Jumamosi, Januari 28. Ilirundikana karibu sentimita 71, na jiji la Washington likasimama. Bado wasee waliamua kutoka nje wakaone muvi kwa jumba la Knickerbocker, sinema kubwa iliyokuwa imejengwa miaka mitano tu kabla, 1917. Ilikuwa enzi za filamu zisizo na sauti, na usiku huo walikuwa wanaonyesha komedi.

Shida ilikuwa juu yao. Paa lilikuwa bapa, kwa hivyo theluji haikuwa na mahali pa kuteleza. Ilikaa tu hapo, ikazidi kuwa nzito. Kitu saa tatu usiku na dakika chache, paa likaporomoka. Likaangukia balkoni, na balkoni nayo ikaangukia watu waliokaa chini. Watu 98 walikufa na 133 wakaumia.

Uchunguzi ulilaumu vile jengo lilivyoundwa. Kuna walioshtakiwa, lakini hakuna aliyepatikana na hatia. Mbunifu wa jengo, Reginald Geare, alijiua 1927. Mwenye sinema, Harry Crandall, alijiua 1937. Hadi leo ile dhoruba inaitwa kwa jina la hiyo sinema.

2. 1980: Meli ya Blackthorn yazama ghuba ya Tampa

Blackthorn ilikuwa meli ya walinzi wa pwani wa Marekani. Ilikuwa imetoka tu kutengenezwa na inaondoka ghuba ya Tampa, Florida, usiku, ikiwa na mabaharia 50. Njiani ikagongana na meli kubwa ya mafuta, Capricorn. Kugongana peke yake pengine wangekuwa sawa. Kilichomaliza mambo ni nanga ya Capricorn, ambayo ilinasa ubavu wa Blackthorn. Meli kubwa ikaendelea kwenda, mnyororo ukavutika hadi mwisho, na Blackthorn ikapinduliwa ikazama. Mabaharia 23 walikufa, 27 wakaokoka.

Kati ya waliokufa kuna jina moja la kukumbuka: William Flores. Alikuwa kijana mdogo wa cheo cha chini kwenye hiyo meli. Wenzake walipokuwa wanaruka majini, yeye alitoa mshipi wake akafunga nao mlango wa kabati la jaketi za kuokolea ili usijifunge meli ikipinduka. Jaketi zikaelea juu zenyewe, wasee wakazishika. Yeye hakutoka. Ilichukua miaka 20 kabla apewe nishani, mwaka wa 2000.

3. 1986: Challenger yapasuka angani

Hii ndiyo wengi wanaijua. Chombo cha anga cha NASA kiliruka kutoka Florida saa tano asubuhi na dakika 38. Sekunde 73 baadaye kikapasuka vipande mbele ya macho ya dunia. Wote saba waliokuwa ndani walikufa, akiwemo Christa McAuliffe, mwalimu wa shule aliyechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 walioomba ile nafasi. Kwa sababu yake, madarasa mengi Marekani yalikuwa yamewasha TV siku hiyo. Watoto waliona kila kitu laivu.

Kilichoharibika kilikuwa kitu kidogo: mpira wa mviringo wa kuziba maungio ya roketi ya pembeni. Mekanika yeyote wa Grogan atakuambia gasketi ikilegea injini inaanza kutema. Hapa ilikuwa hivyo hivyo, ila kilichotoka ni gesi ya moto mkali kando ya tangi kubwa la mafuta. Usiku uliopita Florida ilikuwa baridi hadi barafu ikaganda kwa jukwaa la kurushia. Mpira ukipigwa na baridi unakuwa mgumu, na ukiwa mgumu hauzibi haraka.

Sasa cheki hii. Wahandisi walijua. Roger Boisjoly, mmoja wa wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyounda hizo roketi, alikuwa ameandika onyo Julai 1985, miezi sita kabla. Usiku wa kuamkia safari, yeye na wenzake walikaa kwa simu na watu wa NASA wakisema msirushe, ni baridi sana. NASA haikupenda hilo jibu. Mabosi wa kampuni wakaomba dakika chache wajadiliane peke yao, wakarudi wakasema sawa, rusheni.

Baadaye kwa uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha huo mpira akakichovya kwa glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Kilipotoka hakikurudi shepu yake haraka. Ilikuwa jaribio rahisi la mezani, na lilimaliza ubishi.

4. 2002: Ndege ya TAME yagonga mlima Cumbal

Ndege ya TAME nambari 120, Boeing 727, ilitoka Quito, Ecuador, ikielekea Tulcán, mji ulio karibu na mpaka wa Colombia. Huko ni milima mirefu na siku hiyo kulikuwa na ukungu. Ndege ikapotea njia wakati inajiandaa kutua, ikagonga volkano ya Cumbal upande wa Colombia. Watu wote 94 walikufa. Ndege yenyewe ilikuwa inaruka poa. Marubani hawakuona mlima tu.

5. 2006: Paa lingine, theluji nyingine, Poland

Rudia stori namba moja, badilisha tu nchi. Kwenye ukumbi wa maonyesho wa Katowice, watu karibu 700 walikuwa wamekusanyika kwa maonyesho ya njiwa wa mashindano, kitu inapendwa sana kwa lile eneo la machimbo ya makaa ya mawe. Paa lilikuwa na theluji na barafu nyingi ambayo haikuwa imeondolewa vizuri. Jioni, saa kumi na moja na robo hivi, likaanguka. Watu 65 walikufa na zaidi ya 170 wakaumia.

Waliokuwa wamefukiwa walipiga simu kutoka chini ya vyuma, huku nje ni baridi ya kugandisha. Waokoaji walikesha. Manusura wengine walieleza vile walikimbilia milango ya dharura wakapata imefungwa.

Na hapa pia kulikuwa na onyo. Jengo lilikamilika 2000, na kufikia 2002 paa lilikuwa tayari limeharibiwa na theluji mara moja. Likarekebishwa, biashara ikaendelea. Kesi ilichukua miaka kumi. Mwaka wa 2016 mbunifu wa jengo alihukumiwa miaka 10 jela, ambayo ilipunguzwa kidogo baada ya rufaa.

6. 2009: Nakumatt Downtown, Nairobi

Kama uko na miaka ishirini na kitu, ulikuwa mtoi wakati huu, na pengine Nakumatt unaikumbuka kwa ule ndovu wa nembo tu, kabla madeni kuimaliza. Lakini uliza mathee au buda. Wengi wa waliokuwa tao siku hiyo wanakumbuka walikuwa wamesimama wapi.

Ilikuwa Jumatano. Duka lilikuwa Kenyatta Avenue, pale karibu na Kimathi Street, katikati kabisa ya jiji. Saa tisa mchana hivi moto ukashika. Ndani kulikuwa na wateja na wafanyakazi, na bidhaa za kila aina za kulisha moto: nguo, plastiki, mafuta, mitungi ya gesi. Moshi mweusi ukaonekana kutoka kila pembe ya tao. Kuna walioruka kutoka juu. Wazima moto walipambana hadi usiku, na kesho yake mabaki bado yalikuwa yanatoa moshi.

Watu 29 walikufa. Miili mingi ilikuwa imeungua hadi haitambuliki, kwa hivyo familia zilipimwa DNA zikaketi kungoja majibu. Kungoja huko ndiko kulimaliza wengi. Unajua mtu wako aliingia supa, unajua hajarudi nyumbani, lakini hakuna mwili wa kuzika.

Swali lililobaki ni la milango. Manusura na mashahidi walisema milango ilifungwa baada ya moto kuanza, ati watu wasitoke na mali bila kulipa. Kampuni ilikana. Lakini hilo swali liligusa watu kwa sababu Wakenya walikuwa wamelisikia kabla. Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliungua na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Siku tatu baada ya Nakumatt, Januari 31, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu wakakimbia kuchota, likalipuka. Zaidi ya 110 wakafa. Kenya ilimaliza mwezi huo ikiomboleza misiba miwili kwa wakati mmoja.

Kwani Januari 28 iko na mkosi?

Hapana. Mwaka una siku 365, na ukichukua tarehe yoyote ukaikagua kwa miaka mia moja, utapata listi yake ya vilio. NASA yenyewe iko na tarehe zingine mbili za kulia ndani ya wiki hiyo hiyo. Januari 27, 1967, wanaanga watatu wa Apollo 1 waliungua wakiwa bado ardhini, kwenye mazoezi. Mlango wao ulifunguka kwa kuvutwa ndani, na presha ya moto ikaukaba. Februari 1, 2003, Columbia ilivunjika ikirudi duniani, na saba wakafa.

Halafu kuna mambo ya msimu. Januari ni katikati ya baridi kwa nchi za kaskazini, kwa hivyo theluji ya Washington, barafu ya Florida na paa la Katowice zote zilikuja wakati wake. Hakuna uchawi hapo.

Kitu inafanana zaidi kuliko tarehe ni vile mambo yalianza. Paa la Katowice lilikuwa limeshaonyesha dalili. Mpira wa Challenger ulikuwa umeandikiwa barua. Moto wa Nairobi ulikuja miaka nane baada ya Kyanguli kutufundisha kuhusu mlango uliofungwa. Kuna mtu alijua, au angeweza kujua, na siku ilikuwa bado mbali.

Cha kucheki ukiingia mjengo wowote

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ni ya 2007, na kanuni za moto za mwaka huo huo zinataka kila mahali pa kazi pafanye zoezi la moto angalau mara moja kila miezi 12. Jiulize mara ya mwisho wewe kufanya hilo zoezi ilikuwa lini. Kama jibu ni kamwe, basi haya hapa ni yako:

- Ukiingia klabu, supa au hosteli, tafuta mlango wa pili kabla hujakaa. Ule wa kuingilia ndio kila mtu atakimbilia.
- Mlango wa dharura ukiwa na kufuli au umezibwa na makreti, ambia meneja. Wakikupuuza, piga picha uipost.
- Moshi ukianza, toka. Usirudie simu wala shopping. Inama chini, hewa safi iko karibu na sakafu.
- Ukiwa juu, tumia ngazi. Lifti inaweza kukwama na wewe ndani.
- Lori la mafuta likianguka, enda mbali nalo. Hakuna mtungi wa petroli unaotosha kubadilisha na maisha.
- Weka hizi namba kwa simu: 999 au 112 za polisi na dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Na kama wewe ndiye soja wa mlangoni, au uko kaunta, au unaosha sakafu huko nyuma na unaona mlango umefungwa kwa mnyororo kila siku, sema. Utaitwa mjuaji. Boisjoly pia hawakumsikiliza, lakini angalau alisema. Hao 29 wa Kenyatta Avenue walikuwa wameingia tu kununua vitu ama kufanya kazi yao ya siku.

Wewe ulikuwa wapi siku ya Nakumatt? Kama kuna mtu wako alikuwa hapo, tuandikie jina lake hapo chini tulikumbuke.