Nahodha Slocum na Mashua Kuukuu

Watu wengi wanaomtaja Joshua Slocum humtaja kwa jambo moja, kwamba yeye ndiye wa kwanza kujulikana kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake chomboni. Sifa hiyo ni haki yake, wala sina nia ya kuipunguza. Lakini safari ile ya miaka 3 ilitanguliwa na miezi 13 ya shoka na nyundo, na hata baada ya kung'oa nanga kazi ya mikono haikukoma. Kwa maoni yangu, historia ya mtu huyu husomeka vema zaidi kwa upande wa fundi kuliko kwa upande wa baharia.

Alizaliwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1844, akawa nahodha wa merikebu za matanga zilizochukua shehena kati ya Amerika, Asia na Australia. Merikebu ndizo zilizokuwa nyumba yake. Mke wake wa kwanza, Virginia, alisafiri naye, na watoto wao kadhaa walizaliwa melini. Virginia akafa mwaka 1884. Mwaka 1887 merikebu yake Aquidneck ikapanda fungu katika pwani ya Brazili na kupotea. Hapo alijenga kwa mikono yake chombo kidogo, Liberdade, kilichoshushwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku ile ile ambayo utumwa ulifutwa katika nchi hiyo, na katika chombo hicho akawarudisha watu wake Marekani. Alikuta zama zake zimepita. Meli za moshi zilikuwa zimekwisha kunyakua shehena, na nahodha wa matanga alikuwa mtu asiyetakiwa. Hata kazi katika karakana ya meli huko Boston hakuweza kuifanya mpaka kwanza alipe dola 50 kwa chama fulani.

Ndipo katika majira ya baridi ya mwaka 1892 nahodha mstaafu wa wavuvi wa nyangumi, Eben Pierce, alipomwambia kwamba anayo mashua huko Fairhaven, katika jimbo la Massachusetts, naye atampa, ila yahitaji matengenezo kidogo. Slocum alipofika aliiona mashua yenyewe imesimama malishoni, mbali na maji ya chumvi, imeegemezwa magogo na kufunikwa turubai. Jina lake Spray. Kwa muda wa miaka 7 watu wa mji walikuwa wakijiuliza mwenyewe ataifanya nini, na walipomwona mgeni wakadhani amekuja kuivunja. Mgeni alisema la, amekuja kuijenga upya.

Aliukata mwaloni uliokuwa karibu akaufanya mkuku. Mataruma aliyachonga kwa miti michanga, akayatia katika sanduku la mvuke mpaka yakalainika, kisha akayakunja juu ya gogo. Mbao za ubavuni zilikuwa za msonobari wa Georgia, unene wake inchi moja na nusu. Wazee wa nyangumi walipita kutazama na kutoa shauri, maana Fairhaven na New Bedford ni majirani, na huko hakuna asiyejiona bingwa wa merikebu. Alipokalafati kwa uzi wa pamba, mzee mmoja alipaza sauti kwamba pamba hiyo itatambaa itoke. Haikutoka. Na gubeti la mwaloni wa malishoni, kama asimuliavyo mwenyewe, baadaye lilipasua mwamba wa matumbawe visiwani Keeling bila kupata alama. Gharama yote ya vifaa ilikuwa dola 553.62.

Je, mashua iliyoshushwa majini ilikuwa Spray ile ile? Slocum mwenyewe alitaja kanuni ya Lloyd's, kwamba chombo kikitengenezwa kutoka katika kile cha zamani, sehemu baada ya sehemu, hata kikawa kipya chote, jina lake halibadiliki. Fundi wa majahazi wa pwani yetu hangehitaji kuambiwa hivyo. Mtepe wa kale ulioshonwa kwa kamba za makumbi ulifunguliwa na kushonwa tena, ukabaki mtepe ule ule. Ubao huingia mahali pa ubao uliotangulia na kufuata umbo lake. Kinachodumu ni umbo, na umbo hulindwa na mikono.

Aliondoka Boston tarehe 24 Aprili 1895. Msomaji wa leo amezoea mashua za matanga zenye betri, pampu za umeme na nyaya zipitazo chini ya sakafu, na kila aishiye ndani ya mashua kuukuu ajua kwamba nusu ya taabu yake iko hapo: chumvi huingia katika maungio, shaba ikafanya kutu ya kijani, taa zikazimika usiku wa dhoruba. Spray haikuwa na waya hata mmoja. Iliwashwa taa ya mafuta. Saa ya nahodha ilikuwa ya bati, ameinunua kwa dola 1 badala ya dola 1 na nusu kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika, na baadaye ilipokataa kwenda aliichemsha majini.

Huko Buenos Aires aliufupisha mlingoti mkuu. Machi 1896, alipotoka Mlango wa Magellan, dhoruba ilimrarulia tanga na kumsukuma kusini, akarudi kujificha katika vihori, akishona matanga yake. Kwa hofu ya wenyeji alimwaga misumari ya mazulia juu ya sitaha kabla ya kulala, na wageni wa usiku waliikanyaga kwa miguu mitupu. Habari hii tunayo kwa kinywa chake tu. Hao wengine hawakuandika. Huko huko, katika Port Angosto, aliongeza mlingoti wa galme upande wa tezi. Tasmania aliivuta mashua nchi kavu, akachunguza mbao moja moja. Hakuona tundu la mdudu wa baharini, akaipaka rangi ya shaba kama mafundi wetu wapakavyo deheni.

Faida ya kazi hiyo ilionekana katika Bahari ya Hindi. Kutoka kisiwa cha Thursday hadi Keeling, maili 2,700 kwa siku 23, hakushika usukani hata saa 3 jumla. Mashua ilijiongoza. Alifika Newport tarehe 27 Juni 1898, akiwa amesafiri maili zaidi ya 46,000.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1900, akanunua shamba katika kisiwa cha Martha's Vineyard. Nchi kavu haikumkalia vizuri. Kila majira ya baridi yalipofika alitamani kwenda visiwa vya Karibi. Waliomwona katika miaka yake ya mwisho walisema Spray ilikuwa imechakaa, kamba zimelegea, na mwenyewe hali kadhalika. Fedha zilikuwa chache, na umri umepita miaka 60. Akatweka tanga kuelekea kusini. Mahakama, mwaka 1924, ilihesabu kwamba alipotea tangu tarehe 14 Novemba 1909, ingawa wachunguzi wengine wa baadaye wautaja mwaka uliotangulia. Wako wasemao aligongwa na meli ya moshi usiku. Wako wasemao mbao ziliachana. Hakuna ubao wa Spray uliopata kuonekana.